Banda Tupu Kule Daa

Nilipomaliza chuo kikuu Morogoro niliomba kupangiwa kazi Karatu, na ombi langu likakubaliwa haraka kiasi cha kunitia mashaka. Wenzangu walikuwa wakipigania Arusha, Moshi, au Dar es Salaam. Karatu ya mwanzoni mwa miaka ya themanini ilikuwa bado tarafa tu ya wilaya ya Mbulu, mji wa barabara moja ya vumbi ambao magari ya watalii waendao Ngorongoro yaliupita bila kupunguza mwendo. Na tangu mpaka wa Kenya ufungwe hata magari yenyewe yalikuwa machache. Sikuomba kwenda huko kwa ajili ya maziwa, wala kwa ajili ya taifa. Mama yangu alikuwa amefariki nikiwa mwaka wa mwisho, dada zangu walikuwa wameolewa mbali, na baba alibaki peke yake kijijini kwetu Daa. Nilitaka kuwa karibu naye. Nilidhani, kama wadhanivyo wengi tuliosomea mbali, kwamba nyumbani pangenisubiri vilevile nilivyopaacha.

Cheo changu kilikuwa kirefu kwenye karatasi, lakini watu walikifupisha: Bibi Mifugo. Nilipewa nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kituo cha kukusanyia maziwa. Kila asubuhi, ukungu ukiwa haujanyanyuka, wanawake waliwasili kutoka vijijini, wengine na vibuyu, wengine na ndoo za plastiki zilizofunikwa kwa vitambaa. Nilipima, nikachuja, nikamimina katika keni kubwa za chuma, kisha tukasubiri lori kutoka Arusha. Lori hilo ndilo lililokuwa sekta nzima ya maziwa ya upande wetu. Likija, tulikuwa na sekta. Lisipokuja, tulikuwa na maziwa tu.

Na mara nyingi halikuja. Dizeli ilikuwa ya mgawo, na mgawo wenyewe ulikuwa wa kubahatisha. Jenereta la kuendeshea mtambo wa kupoza lilikaa kimya chini ya turubai lake wiki baada ya wiki. Ilipofika alasiri nilifungua keni moja baada ya nyingine, na harufu iliyonipokea ilinijulisha kilichotokea kabla sijatazama. Wanawake walirudi kuchukua kilichokuwa chao. Sikumbuki hata mmoja aliyenitukana. Mmoja wao aliinamia keni, akaonja kwa kidole, akaniambia kwa upole, "Serikali imetusaidia, Bibi Mifugo. Siku nyingine huwa tunachoka kuyagandisha wenyewe." Wenzake wakacheka, nami nikacheka, wakaenda zao. Nikabaki kuosha keni.

Huko vijijini hali haikuwa njema zaidi. Majosho yalikosa dawa. Mengine yaligeuka madimbwi ya maji ya mvua ambamo vyura walizaliana kwa amani. Ng'ombe wa asili walivumilia kupe kwa namna yao, lakini chotara, wale ng'ombe wa kisasa tuliowapigia debe katika mikutano, waliondoka mmoja mmoja kwa ndigana, homa inayoletwa na kupe. Katika shamba la serikali lililokuwa zamani la mzungu mmoja, mashine za kukamulia zilining'inia ukutani bila kazi, na watu walikuwa wamerudia kukamua kwa mkono, tena wakikamua kidogo. Jioni nilijifungia katika vyumba vyangu viwili, nikawasha jiko, nikapika chai na kukoroga ndani yake maziwa ya unga ya kopo. Mtaalamu wa maziwa nilikuwa nikinywa unga uliotoka nchi nisiyoijua, kwa sababu sikuwa na ng'ombe, na kuomba kikombe kwa watu niliowarudishia maziwa yaliyoharibika niliona haya.

Jumamosi nilikwenda Daa. Hiyo ndiyo siku niliyoingojea tangu Jumapili iliyotangulia, na karibu kila mara nilikuta mlango umefungwa. Baba hakuwepo, punda hakuwepo. Nilijua ufunguo unapowekwa. Nilifagia, nikachota maji, nikaketi kizingitini nikitazama banda.

Lazima nilieleze banda hilo. Mama alipokuwa hai, yeye na baba walipewa mtamba chotara na mradi uliokuwa ukikopesha ng'ombe kwa wakulima wa nyanda zetu za juu. Masharti yalikuwa mawili: uwe na banda lililokaguliwa, na ndama jike wa kwanza atakayezaliwa umkabidhi kwa mradi ili apewe mkulima mwingine. Baba alijenga banda ambalo watu walikuja kulitazama: nguzo nene, paa la bati, sakafu ya mawe yenye mteremko, na hori la mbao alilolichonga kwa mikono yake. Mama ndiye aliyekamua. Ndama wa kwanza alizaliwa dume. Kisha mama akafariki. Sasa hori lilikuwa kavu, na buibui walikuwa wamesuka kona zote nne. Nilidhani ng'ombe alikufa kwa ndigana kama wengine na baba hakutaka kulitamka. Sikumwuliza. Kwetu sisi Wairaqw mtu haulizwi ng'ombe wake wako wapi. Ni sawa na kumpekua mfukoni. Na baba alipotokea alasiri, nyuma ya punda wake, nikamwuliza tu ametoka wapi, alijibu, "Natembea." Tulikunywa chai pamoja kwa muda mfupi, kisha ilinibidi kurudi Karatu kabla giza halijaingia.

Siku moja mwenyekiti wa kamati ya mradi, mzee wa rika la baba aliyenibeba nikiwa mtoto, alikuja kituoni kunieleza kwamba zamu ya kukagua Daa imefika. Kulikuwa na fununu kwamba ng'ombe wa baba amezaa jike. Nilishangaa kusikia kwamba yuko hai, lakini sikuonyesha.

Tulikwenda, mimi na wajumbe watatu. Baba alitupokea vizuri, akatuletea viti, kisha akatuongoza bandani kama mtu asiye na la kuficha. Tukasimama mbele ya banda tupu. Nasema kweli, hapakuwa hata na kinyesi kikavu. Wazee wale walilitazama kwa makini, na hakuna aliyeuliza swali ambalo hata mtoto angeliuliza.

"Banda zuri," akasema mwenyekiti.

"Linapitisha hewa," akaongeza mjumbe wa pili.

"Tena humu kupe hakai," akasema wa tatu. "Atakufa njaa."

Baba akacheka kidogo. Mwenyekiti akakohoa, akanigeukia. "Bibi Mifugo, wewe ndiye mtaalamu. Sheria inasemaje hapa?"

Nikaelewa kilichotakiwa. Wao walikuwa majirani, wasingeweza kuuliza; mimi nilikuwa serikali, na serikali haina adabu. Lakini serikali ilikuwa pia binti yake.

"Baba," nikasema, "ng'ombe wa mradi yuko wapi?"

"Yupo."

"Yupo wapi?"

"Anapokula."

"Na anakula wapi, baba?"

Akatazama upande wa magharibi, ambako milima ilikuwa imejifunika wingu. "Oldeani."

Wajumbe wakashusha pumzi wote kwa pamoja, kama watu waliosikia kwamba mgonjwa amelala salama. Baba akaendelea, safari hii akimwelekea mwenyekiti. "Serikali ilinipa ng'ombe wake nimfuge. Nami nimempa mtu amfuge. Kama mimi nimekosea, aliyeanza ni nani?"

Wajumbe wakatikisa vichwa kukubali, na niliwaelewa. Kila mmoja wao alikuwa na ng'ombe nyumbani kwa mwenzake na ng'ombe wa mwenzake nyumbani kwake. Ndivyo tulivyolelewa. Maziwa na mbolea ni vya anayetunza, ndama ni wa mwenye mali, na baada ya miaka ya uaminifu mtunzaji naye hupewa ndama wake. Ugonjwa ukiingia kwako, haukumalizi wote. Na mtu uliyemwekea ng'ombe si jirani tu tena; kwake unaingia bila kubisha. Watu wa mradi waliandika masharti yao wakidhani wametuletea jambo jipya, na watu wetu wakayapokea wakidhani serikali hatimaye imejifunza mila. Baba, katika fikra zake, hakuvunja sheria yoyote. Aliiongezea hatua moja tu.

Sheria, hata hivyo, ilikuwa wazi. Ng'ombe arudi Daa katika banda lililokaguliwa, au mradi umchukue na kumpa mwingine. Kamati iliniachia mimi niende Oldeani nikaone, kisha niseme. Na hapa nataka kuwa mkweli: nilipopanda ile njia mbaya ya Oldeani asubuhi yake, nilikuwa nimekwisha kuamua moyoni. Nilitaka ng'ombe arudi. Akirudi, baba hatakuwa na pa kutembea. Nitahamia Daa, nitakamua alfajiri kabla ya kwenda kituoni, na jioni nitamkuta mtu.

Nyumba niliyoelekezwa ilikuwa pembezoni mwa mashamba ya kahawa. Mwenye nyumba nilimfahamu tangu utoto: mjane, rafiki wa mama, waliimba pamoja kanisani. Mume wake alikuwa kibarua wa kahawa hadi kifo chake, na wanawe walikuwa wamekwenda kutafuta maisha na hawakuwa wepesi wa kurudi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akanitazama kuanzia viatuni. "Kumbe Bibi Mifugo ni wewe? Nilidhani ni mtu mnene. Si maziwa yote ya Karatu huishia kwako?"

"Huishia kwenye keni, mama. Yakishaganda wenyewe huyafuata."

"Basi leo utakunywa ya mtu ambaye hakukuletea keni."

Ng'ombe alikuwa mle ndani. Namaanisha ndani ya nyumba, upande wa kushoto, kama walivyolaza mifugo bibi zetu: nusu ya nyumba kwa watu, nusu kwa ng'ombe, na boriti moja katikati. Ngozi yake ilikuwa safi. Hakuwa na kupe hata sikioni, maana mjane aliwaondoa kwa mkono kila jioni. Ndama jike alilala kwenye majani makavu. Pembeni niliona mzigo wa majani mabichi ya mabingobingo, nikatambua kamba iliyoufunga. Ilikuwa kamba ya punda wetu. Ndipo nilipojua mahali ambako baba alikuwa "akitembea".

Mjane alikamua tukizungumza. Alipoanza kukamua alianza pia kuimba kwa sauti ya chini, na wimbo ulikuwa ule wa mama, wa kwaya yao. Maziwa yakashuka mara moja.

"Bila huo wimbo hatoi," akasema. "Mama yako alimzoesha vibaya. Baada ya mazishi, shemeji alihangaika naye kweli. Anakaa chini kumkamua, ng'ombe anabana maziwa. Anamsemesha, anabana. Mwisho alijifunga khanga ya mama yako, akajitanda nyingine kichwani, akaenda bandani hivyo hivyo."

"Baba?"

"Baba yako. Ng'ombe akamnusa, akageuza kichwa." Alitikisa kichwa, lakini hakucheka. "Alinieleza mwenyewe siku aliyomleta hapa. Alisema, 'Shemeji, hata yeye amejua kwamba si mimi anayemtaka.'"

Alimimina maziwa katika kibuyu alichokifukiza kwa kijinga cha mzeituni pori, akanipa. Yalikuwa ya moto, na yalikuwa na ule moshi ambao chuoni tulifundishwa kuuita dosari. Nilikunywa hadi mwisho. Sikuwa nimeonja maziwa hayo tangu mama afariki.

"Umekuja kumchukua," akasema, si kwa kuuliza.

"Bado sijajua, mama."

"Unajua. Umevaa viatu vya safari." Akamfuta ng'ombe chuchu kwa kiganja. "Mchukue tu, mwanangu, ni wa serikali. Ila usiku huwa anapumua kwa sauti. Nikiamka nasikia kuna mtu. Hilo wamwambie atakayempata, asije akaogopa."

Jumamosi iliyofuata nilimwahi baba kabla hajamfunga punda mzigo. Tuliketi kizingitini, banda mbele yetu. Nikamweleza mpango wangu wote, kwa utaratibu, kama nilivyofundishwa kueleza miradi: nitahamia, nitakamua mimi, wimbo ninaujua, majani yapo, hatutavunja sharti lolote.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Baba hakuwa mtu wa kukatiza maneno.

"Ni vizuri," akasema. Kisha akauliza, "Na yule mama atakamua nini?"

Nikageukia banda. Akaendelea:

"Na mimi Jumamosi nitakwenda wapi?"

"Nitakuwepo, baba. Nitakuwa hapa."

Aliniwekea mkono kichwani, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu nikiwa msichana wa shule. "Wewe una kazi," akasema. "Utakuja umechoka, tutakunywa chai, tutamtaja mama yako, tutanyamaza. Kule nikifika nakuta ng'ombe amekasirika, mara ndama amekula shuka, mara yule mama ananisema kwamba majani niliyoleta ni makavu. Narudi nimegombezwa." Akanyanyuka kumfunga punda. "Mtu anahitaji kugombezwa."

Nilimsaidia kuinua mzigo. Akashika njia ya Oldeani, nami nikabaki nikiwatazama, yeye na punda, mpaka kona ikawameza. Nilikuwa nimetoka Morogoro nikaomba mji ambao hakuna aliyeutaka ili mtu huyu asikae peke yake, na ilinichukua muda wote huo kuona kwamba aliyekuwa akikaa peke yake kizingitini hakuwa yeye.

Kamati ilipokutana, baba akiwepo, nilisema nilichoona: ng'ombe ana afya kuliko chotara wengi wa tarafa, anakamuliwa vizuri, na akihamishwa atabana tena. Nikapendekeza yule mjane aandikwe kuwa mtunzaji, na ndama jike akabidhiwe mradi kama sharti linavyotaka. Mjumbe mmoja akakumbusha kwamba mjane hana banda wala uwezo wa kulijenga, na ng'ombe wa mradi halali chumbani kama mgeni.

Mwenyekiti alifikiri. "Sheria inadai banda lililokaguliwa," akasema polepole. "La Daa tumelikagua. Hata hewa yake tumeisifu." Akamtazama baba. "Sheria haikusema banda lisitembee."

Baba alilibomoa mwenyewe, akianza na bati. Majirani walikuja kama watu wanavyokuja kujenga, ila safari hii kila mtu aliondoka na kipande: huyu nguzo begani, yule mbao za hori, wengine wawili wakisukuma mkokoteni wa mawe ya sakafu. Msafara ule ulipita njia ya Oldeani, na walioukuta njiani waliuliza ni nani anayehama. "Ng'ombe," watu walijibu. Mimi nilibeba misumari katika kopo lililokuwa la maziwa ya unga. Kufikia jioni banda lilikuwa limesimama pembezoni mwa kahawa, na yule mjane alilizunguka akatangaza kwamba limeinama upande mmoja. Baba alibisha. Walikuwa wakibishana bado nilipoaga.

Sitaki kusema kwamba nilifurahi. Niliona ni sawa, jambo ambalo ni tofauti. Baba alianza kwenda Oldeani hata siku za katikati ya juma, kwa kuwa paa lilihitaji hiki, na hori lilihitaji kile. Watu walisema waliyoyasema, mwishowe wakachoka. Lori nalo likazidi kuadimika. Msimu wa mvua ulipoisha, wanawake waliokuwa wakileta maziwa kituoni walipungua, kisha wakapungua tena. Waliwauzia majirani zao, waliwanywesha watoto, waligandisha. Hakuna aliyekuja kuniaga, maana hakuna aliyeamua siku ya kuacha. Asubuhi nilisimama mlangoni pa kituo nikiwa nimeosha keni zote, nikisikiliza ukungu ukidondoka kutoka kwenye paa.

Jumamosi moja ya mwisho mwisho, kabla sijapata barua ya uhamisho, nilikwenda Daa nikakuta mlango umefungwa kama kawaida. Kizingitini palikuwa na kibuyu kimefunikwa. Nilikifungua, moshi wa mzeituni ukanipanda puani. Baba alikuwa amenipitishia asubuhi, kisha akageuza njia kurudi Oldeani. Sikuingia ndani kupika chai. Niliketi pale pale nikanywa maziwa yote polepole, nikitazama mahali palipokuwa na banda. Mashimo ya nguzo yalikuwa yamejaa udongo, na kwa sababu ya mbolea ya zamani nyasi za pale zilikuwa zimeota nene na kijani kuliko kwingine kote uani.

Kwetu kibuyu cha maziwa hakirudishwi kitupu. Nilitafuta nyumba nzima kitu cha kutia ndani, nikakosa; chumvi ilikuwa imekwisha, unga ulikuwa wa kugusa tu. Nikaenda kwenye ile nafasi ya banda, nikapiga magoti, nikamchumia ng'ombe nyasi mkono mzima, nikazisokomeza mdomoni mwa kibuyu, nikakirudisha kizingitini mahali ambapo baba angekiona atakaporudi. Kisha nikafunga mlango, nikaweka ufunguo mahali pake, nikashika njia ya Karatu.